Ishirini kwa mdomo, arobaini kwa mkono: kisa cha insulini Chamazi

Mgonjwa ni mama wa miaka 63, mkazi wa Chamazi, Dar es Salaam, anayeishi na mwanawe wa kiume, mkwewe na wajukuu. Aliletwa kituo cha afya kwa bajaji, saa tano kasoro asubuhi, amelowa jasho, anaropoka, na mkwewe aliyemshika mkono hamtambui. Mashine ya sukari ilisoma 1.9 (milimoli kwa lita). Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, dawa ya kudunga inayoshusha sukari ya damu, ikishuka chini ya 4 tayari unatakiwa kuchukua hatua. Ikishuka chini ya 3 ubongo unakosa chakula chake, na hapo ndipo mtu anapoanza kuongea yasiyoeleweka. Aliwekewa glukosi ya asilimia 50 kwenye mshipa, taratibu, na kabla dripu haijatundikwa alikuwa ameshauliza viatu vyake viko wapi.

Hadi hapo hakuna jipya. Wauguzi wengi wa jiji hili wameshaona sukari ikishuka na kupandishwa. Kilichonifanya nikiandike kisa hiki ni jibu la familia walipoulizwa wanampa insulini kiasi gani. Mwana alisema yuniti ishirini asubuhi, kumi jioni. Mkwe alisema hivyo hivyo. Mjukuu anayemdunga alisema hivyo hivyo. Daftari la kliniki liliandikwa 20 na 10, na fomu ya ruhusa kutoka hospitali ilisema 20 na 10. Hakuna aliyedanganya. Na bado bibi huyu alikuwa amedungwa arobaini asubuhi na ishirini jioni siku iliyotangulia, na arobaini tena asubuhi hiyo.

Alihamishiwa hospitali akae chini ya uangalizi, maana insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole pamoja, haimalizi kazi yake kwa saa moja au mbili. Unaweza kumpandisha mtu sukari, akakaa, akacheka, halafu akashuka tena jioni. Huko figo zilipimwa, zikawa sawa. Vidonge vyake vya zamani vilikuwa kwenye mfuko lakini havijaguswa. Chakula alikuwa anakula. Kwa hiyo maelezo ya kawaida yote yaliisha, na familia ikaja kwetu kliniki wiki hiyo hiyo bila jibu. (Mambo machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha, na wameridhia kisa kiandikwe.)

Niliwaambia waje na mfuko mzima: kichupa, mabomba mapya na yaliyotumika, daftari, hata pamba. Nikachukua kichupa kitupu cha insulini, nikakitia maji, nikampa mjukuu bomba kutoka kwenye mfuko wao wenyewe. "Nionyeshe unavyomvutia bibi dawa ya asubuhi." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza hapo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mdomo wa muuguzi unawasha. Binti aliviringisha kichupa kati ya viganja, akafuta kifuniko, akaingiza hewa, akageuza, akavuta, akagonga mapovu yakapanda. Mikono mizuri kabisa. Akasimama kwenye 40.

Baba yake, aliyekuwa amevaa miwani siku hiyo, ndiye aliyeona kwanza.

Mabomba mawili

Mabomba ya insulini yanayouzwa kwenye famasi zetu, yenye kofia ya rangi ya chungwa, yote ni ya insulini ya yuniti 100 kwa kila mililita. Hilo ni jema, maana zipo nchi kama India ambako insulini ya yuniti 40 kwa mililita bado inatumika, na huko bomba lake lina kofia nyekundu. Lakini hata ndani ya familia ya kofia ya chungwa saizi zinatofautiana. Bomba la nusu mililita linabeba yuniti 50: kila mstari mdogo ni yuniti 1, na kila mstari mrefu wenye namba ni 5. Bomba la mililita nzima linabeba yuniti 100: mstari mdogo ni yuniti 2, na mstari mrefu wenye namba ni 10. Ukiyaweka kando kwa kando, umbo ni lile lile na kofia ni ile ile. Tofauti ni unene kidogo na namba zilizochapwa kwa herufi za kichwa cha pini.

Ukimfundisha mtu namba, hakuna shida yoyote. Ishirini ni ishirini kwenye bomba lolote kati ya hayo. Ukimfundisha mistari, umemfundisha bomba moja tu, lile ulilolishika siku hiyo.

Sasa turudi siku ya ruhusa. Bibi alikuwa amelazwa katika hospitali moja kubwa ya jijini kwa kidonda cha mguu kilichoipandisha sukari hadi vidonge vikashindwa. Ijumaa mchana akaruhusiwa. Mwanawe ndiye aliyekuwa anahangaika na malipo na dirisha la dawa, kwa hiyo nesi wa zamu alimwita yeye kando ya kitanda. Kwa maelezo yake, na sina sababu ya kutomwamini, alifundishwa vizuri: namna ya kuvuta, kubana ngozi ya tumbo, kubadilisha sehemu ya kudunga, kadiri ya chakula, kukagua miguu kila jioni, tarehe ya kliniki. Nesi hakuwa na haraka. Ila baba yule alikuwa amesahau miwani nyumbani, na zile namba ndogo zilikuwa ukungu mtupu machoni pake. Nesi akamtafutia njia nyepesi: "Hesabu mistari mirefu, baba. Asubuhi minne, jioni miwili." Bomba alilokuwa nalo ni la nusu mililita. Minne mara tano, ishirini. Sahihi kabisa.

Akamwomba arudie. Akarudia bila kukosea. Kwenye faili ikaandikwa kwamba elimu ya afya imetolewa, na familia ikatafuta usafiri.

Ninasisitiza hili kwa sababu visa vya namna hii huishia kwa kumtafuta mzembe, na hapa simwoni. Nesi alimhurumia mtu asiyeona namba. Ni huruma hiyo hiyo iliyobeba hatari, kwa sababu suluhisho la macho ya baba lilikuwa miwani, au mtu mwingine mwenye macho, na siyo kuziacha namba.

Mkono mwingine nyumbani

Baba yule hakumdunga mama yake hata mara moja, na tangu pale wodini alijua hatamdunga. Mtoto wa kiume, mtu mzima mwenye mke, amfunue mama yake tumbo kila siku asubuhi na jioni? Kwao hilo halipo. Lakini angemwambia nani? Nesi ni wa umri wa binti yake, mama amelala hapo hapo anasikia, nyuma yake ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili wanasubiri zamu yao. Akaitikia tu, "Sawa sista." Nesi akasoma kuitikia kule kama kukubali. Kwetu mara nyingi ni adabu tu.

Mkwe naye aliona haya. Ikabaki kwa mjukuu, yuko kidato cha pili, na bibi yake wanaitana mke mwenza. Kati yao hakuna aibu ya tumbo wala ya mgongo. Kama ningeulizwa kuchagua mdungaji katika nyumba ile, ningemchagua yeye. Tatizo ni kwamba hakuwepo wodini, na somo la kitandani lilimfikia jioni, jikoni, likiwa limepungua. Viringisha, vuta mistari mirefu minne, toa mapovu, bana, dunga. Vitu viwili vilianguka njiani. Kimoja ni namba. Kingine ni saa.

Insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 yenye rangi ya maziwa, inadungwa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu sehemu yake moja huanza kazi mapema. Mjukuu huyu anapanda daladala alfajiri ili awahi shule. Alimdunga bibi saa kumi na moja na nusu, akaondoka. Bibi akaswali, akarudi kulala, na chai yake ya kawaida ni saa tatu. Kwa hiyo hata wiki ile ya kwanza, kwa bomba sahihi na kipimo sahihi, kila asubuhi palikuwa na muda wa saa tatu na nusu wa dawa bila chakula. Alikuwa akisikia kizunguzungu; wakasema ni udhaifu wa hospitali. Naamini wiki ile alipona kwa sababu kidonda bado kilikuwa kinaishikilia sukari juu.

Kisha mabomba waliyopewa yakaisha. Baba akapita famasi akitoka kazini, akaomba sindano za sukari, akapewa zilizokuwepo: za mililita nzima. Muuzaji hakukosea, aliulizwa bidhaa, akatoa bidhaa. Kesho yake alfajiri mjukuu akavuta mistari mirefu minne.

Na hapa kuna jambo ambalo lingetuokoa wote. Binti aliziona namba. Aliona bomba jipya linasema 40 pale ambapo la zamani lilisema 20, na akamuuliza baba yake. Baba akamjibu kwamba namba hizo ni za kampuni, kila kampuni na zake, wewe fuata mistari kama nesi alivyosema. Akafuata. Mtoto aliyelelewa vizuri hapa mjini humuuliza baba mara moja. Mara ya pili ni ubishi.

Nimelifikiria swali lile la binti mara nyingi kuliko sehemu nyingine zote za kisa hiki. Lilikuwa swali la kitaalamu kabisa. Lilikosa tu mahali pa kwenda. Daftari lile lina tarehe ya kliniki, mhuri na sahihi, lakini halikuwa na namba ya simu ya wodi wala ya kituo cha karibu. Namba moja ya simu kwenye jalada, na maneno "bomba likibadilika piga kwanza", ingemaliza habari.

Sukari marufuku

Siku ile ya kwanza ya bomba jipya, bibi aliamka na njaa ya ajabu. Mkono ulimtetemeka akishika kikombe. Akaomba chai ya sukari. Mkwe akakataa kwa upole: "Mama, wamesema usiguse." Akampa uji usio na sukari na viazi, na kwa bahati wanga ule ukampandisha. Jioni akadungwa tena, mistari miwili, yaani ishirini. Usiku nguo ya kulalia ililowa. Ilikuwa joto la Februari la Dar es Salaam, umeme umekatika, feni haizunguki, kila mtu nyumba nzima analowa. Nani angeshtuka?

Siku ya pili mkwe alitoka mapema kwenda gengeni. Jirani aliyekuja kuazima ungo ndiye aliyemkuta bibi amekaa chini, anaongea peke yake. Wa kwanza aliyefika alisema amepandisha, asomewe. Wa pili alisema sukari imepanda, apewe maji ya mlonge. Mwana akapigiwa simu kazini, naye akasema neno moja la maana na moja la hatari: mpelekeni hospitali sasa hivi, na msimpe chochote chenye sukari. Ndani ya nyumba ile palikuwa na sukari ya kutosha kumzindua bibi mara kumi. Ilikuwa imefichwa juu ya kabati ili asiione.

Ukiwauliza wauguzi, watakuambia dalili za sukari kushuka zilitajwa wodini. Nami naamini zilitajwa: jasho, kutetemeka, njaa, kuchanganyikiwa. Lakini zilitajwa ndani ya somo ambalo kichwa chake kilikuwa "sukari ni adui". Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Roy Kessels, aliandika mwaka 2003 kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya kitabibu husahauliwa papo hapo, na karibu nusu ya yale yanayokumbukwa hukumbukwa vibaya. Familia hii ilikumbuka sentensi moja kwa nguvu zote, ndiyo iliyobisha hodi kila mahali, na ikaifunika ile iliyohitajika.

Ndiyo maana siamini katika kumfundisha ndugu wa mgonjwa mambo yote siku ya ruhusa. Orodha ya vyakula ingeweza kusubiri kliniki ya kwanza. Hata kukagua miguu, kwa kidonda kile kile, kungesubiri siku tatu, maana kidonda kilikuwa kinasafishwa kituoni. Siku ya ruhusa wafundishwe kile kinachoweza kumuua kabla hawajarudi, basi. Kwa anayeanza insulini ni kipimo, saa ya kula, na sukari ikishuka wafanye nini.

Kwa nini kurudia hakukutosha

Siku hizi tunafundishana kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake. Ni njia nzuri na ninaitumia. Lakini tazama hapa: baba alirudia vizuri wodini. Wote watatu walijibu vizuri siku ya dharura. Daktari wa zamu aliposikia "ishirini na kumi" alikwenda kutafuta sababu kwingine, kwenye figo na vidonge, na alikuwa na haki. Jibu sahihi la mdomo ndilo lililoficha kosa. Kwa chochote kinachofanywa kwa mkono, iwe ni kuvuta insulini, kumpimia mtoto dawa ya maji kwa kijiko au kutumia pampu ya pumu, maneno sahihi hayanihakikishii kitu. Nataka kuona mkono, nataka kuona mkono wa yule atakayefanya, na nataka uwe umeshika kifaa cha nyumbani kwao.

Nimeambiwa mara kadhaa suluhisho ni simu: ndugu arekodi video ya nesi akivuta dawa, amtumie mjukuu. Haina ubaya, na hapa ingemrudishia binti ile nusu saa kabla ya kula. Lakini video ya bomba dogo ikionyesha mistari mirefu minne ingemfanya avute arobaini kwa uhakika zaidi.

Wenzangu wengine wanasema muda hakuna, wodi zimejaa. Zimejaa kweli. Ila nesi yule alitumia muda; aliutumia kwa mtu asiyedunga. Swali "Nyumbani nani atamdunga, na saa ngapi?" linachukua pumzi moja, na linapaswa kuulizwa siku insulini inapoanzishwa, siyo saa ya kutoka, ili huyo anayetajwa aje saa ya kuona wagonjwa na adunge chini ya macho yetu kabla ya Ijumaa kufika.

Tulivyoanza upya

Kliniki, kwanza nilimkabidhi binti haki yake mbele ya baba yake: aliona sawasawa, na akiona tena apige simu. Baba alilipokea bila kinyongo.

Tulipofika kwenye suala la asubuhi, bibi mwenyewe ndiye aliyesema. Wodini alikuwa hoi, mazungumzo yakapita juu yake kwenda kwa mwanawe, na hakuna aliyerudi kumuuliza. Kumbe ni fundi cherehani, ameshona magauni miaka yote, na ukimpa miwani yake anatunga uzi kwenye sindano upesi kuliko mimi. "Sindano inanitisha nini mimi?" Akavuta maji hadi 20, akaniinulia bomba kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma namba kwa sauti. Nikampa lile jingine la nusu mililita. Akavuta hadi 20 tena, akashangaa bomba moja limejaa karibu nusu na jingine sehemu ndogo. Hapo ndipo nilipojua ameelewa, maana aliuliza kabla sijaeleza.

Tukakubaliana hivi. Asubuhi anajidunga mwenyewe saa mbili na nusu, mkwe akisoma namba kabla haijaingia, na chai mezani saa tatu. Jioni mjukuu, nusu saa kabla ya chakula cha usiku. Neno "mistari" likafutwa kwenye daftari, ikaandikwa "namba 20" na "namba 10". Kwenye kichupa tukabandika plasta yenye tarehe ya kufunguliwa. Kichupa kina yuniti 1,000. Kwa yuniti 30 kwa siku kinakwenda kama mwezi. Kikiisha katikati ya mwezi, kuna mtu anavuta mara mbili, na hesabu hiyo mkwe wa gengeni aliidaka mara moja. Friji hawana, kichupa kinachotumika kinakaa kwenye mtungi mdogo uliowekwa ndani ya beseni la mchanga uliolowa, kivulini. Jirani aliwahi kuwapa nafasi kwenye friza yake ya barafu, nikawaomba wasithubutu: insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Na sukari ikashushwa kutoka juu ya kabati. Iko kwenye kopo dogo kando ya kitanda, na kijiko ndani yake. Akitetemeka, akilowa jasho, akianza kuongea ovyo lakini anaweza kumeza: vijiko vitatu vya chai kwenye nusu kikombe cha maji, anywe. Dakika 15 zikipita hajapata nafuu, tena. Akipata nafuu, ale chakula. Soda inafaa ikiwa ni ya sukari, siyo zile zilizotolewa sukari. Asipoweza kumeza, asitiwe kitu mdomoni, alazwe ubavu, bajaji iitwe. Mkwe aliyarudia haya, na safari hii sikuridhika na mdomo: alikoroga kikombe chenyewe pale pale, na baada ya kijiko cha kwanza ilinibidi nimwambie aendelee, kwa sababu alikuwa anataka kusimama hapo.

Mwezi uliofuata famasi ilikuwa na mabomba ya saizi nyingine tena. Hawakuhitaji kupiga simu lakini walipiga. Kinachobaki wazi ni vipimo. Mashine ya kupimia wameazima, lakini stripu zake ni ghali kwao, kwa hiyo wanampima nyumbani akijisikia vibaya tu na mara moja kwa wiki hapa kituoni. Na mjukuu anaingia kidato cha tatu mwakani, masomo ya jioni yatamchelewesha. Mkwe ameanza kujifunza kudunga, kwanza mkononi, haya zikiisha atahamia tumboni.